Kupanda miamba Ulaya ukiwa bado unaanza: uende wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Krismasi ikipita, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Nimepata likizo ya wiki moja, nimeshajua kufunga fundo na kushika kamba, sasa niende wapi?" Wanaoniuliza ni ndugu zetu wanaoishi Ujerumani, Uholanzi na Uingereza, na siku hizi wapo pia wa Nairobi na Arusha waliojifunzia kwenye kuta za ndani. Nimejibu kwa simu na kwa sauti za WhatsApp mpaka nikaona heri niandike mara moja.

Majibu haya yanahusu kupanda kwa boliti. Mwamba umeshatobolewa na kupigiliwa vyuma toka chini hadi juu, na wewe unachomeka kamba yako kwenye kila chuma unachokipita. Nimezaliwa Nakuru, mwamba wangu wa kwanza wa kweli ulikuwa Fischer's Tower pale Hell's Gate, na baada ya miaka mingi bado napanda gredi ya 5 kwa furaha kamili (gredi ni kipimo cha ugumu wa njia; nitaieleza hapo mbele). Kwa hiyo utakayoyasoma ni ya mtu wa njia rahisi anayezungumza na watu wa njia rahisi.

Nikichagua mahali, nianze kuangalia nini?

Anza kwa kuhesabu njia, yaani ile mistari ya boliti ya kupandia. Picha zisikuhadae, na sifa za mahali zisikuhadae pia. Fungua kitabu cha njia cha eneo hilo, au programu ya simu, kisha hesabu njia za gredi ya 4 hadi 5c ambazo unaweza kuzifikia kwa miguu kutoka utakapolala. Hiyo ndiyo namba yako. Jumla ya njia zote za eneo haikuhusu.

Piga hesabu hivi. Wiki moja ina siku tano za kupanda, kwa sababu mbili zitakwenda kwenye safari na mapumziko. Ukipanda njia sita kwa siku, unahitaji njia thelathini. Lakini nyingine utazikuta zina watu, nyingine ziko juani saa unayotaka kupanda, nyingine utazitazama tu na moyo ukatae. Mimi siendi mahali penye njia chini ya themanini za kiwango changu.

Kwa kipimo hicho majina makubwa yanaporomoka. Ceüse, kusini mashariki mwa Ufaransa, ni mwamba ambao wapandaji wengi huutaja kuwa mzuri kuliko yote duniani. Ni kweli unapendeza. Lakini unatembea mlimani karibu saa nzima kila asubuhi, boliti zake zimeachana sana, na njia za gredi 5 ni za kutafuta kwa tochi. Siurana ya Hispania vivyo hivyo: kijiji kizuri juu ya jabali, na njia nyingi za waliobobea. Ukienda huko na gredi 5 utamaliza wiki ukiwashikia wengine kamba.

Hizi gredi zinasomwaje?

Sehemu kubwa ya kusini mwa Ulaya hutumia gredi za Kifaransa: namba, halafu herufi a, b au c, na pengine alama ya kujumlisha. 4 ni rahisi, 5a hadi 5c ndiyo nyumbani kwa anayeanza kuongoza, yaani kupanda wa kwanza akichomeka kamba mwenyewe, 6a ndipo mikono inapoanza kulalamika. Ujerumani na Austria hutumia mfumo mwingine wenye namba za Kirumi, ambao VI+ yake inakaribiana na 6a.

Kuna mtego mmoja kwa mnaoishi Uingereza. 5c mnayoiona kwenye miamba ya kwenu isiyo na boliti siyo 5c ya Kifaransa; ya Uingereza ni ngumu zaidi, maana inapima kitu kingine, yaani ule mvuto mmoja mgumu kuliko yote kwenye njia. Nimeona mtu akikata tamaa bure kabla hata ya kununua tiketi kwa kuchanganya hizi mbili.

Napanda 6a kwenye ukuta wa ndani. Huko nje nitapanda ngapi?

Siku ya kwanza, anza na 4. Sikutanii. Ukuta wa ndani una vishikio vya rangi vinavyokuonyesha mkono uende wapi, lakini mwamba haukuonyeshi chochote. Utasimama chini ya ukuta wa chokaa wa rangi ya kijivu na utaona ukuta tu. Baada ya dakika kumi jicho linaanza kufunguka: kishimo kidogo kilichochimbwa na maji, ukingo mwembamba kama upana wa kijiko, doa jeupe la chaki aliloacha mtu wa jana. Miguu ndiyo inayochelewa kujifunza. Kufikia siku ya tatu wengi huwa wamerudi kwenye 5b au 5c, na wanafika huko bila kutetemeka.

Njia ikiwa rahisi si ndiyo salama?

Hapana, na hili ndilo jambo ninalolirudia kuliko yote.

Kwenye ukuta mgumu, ulioinama kukuelekea, ukiteleza unaanguka hewani. Unaning'inia, unacheka, unaendelea. Njia rahisi kwa kawaida hupita kwenye mwamba uliolala kidogo, wenye vibaraza na ngazi za asili. Ndiyo maana ni rahisi. Sasa ukianguka pale, kabla kamba haijakaza unaweza kuwa umeshagonga kibaraza kwa kifundo cha mguu. Kwa hiyo njia rahisi inahitaji boliti zilizokaribiana kuliko njia ngumu. Bahati mbaya, katika maeneo mengi ya zamani mambo yako kinyume. Waliozifungua walikuwa mabingwa, 5a kwao ilikuwa kama ngazi za nyumbani, wakaweka boliti tatu kwenye mita ishirini wakaenda zao.

Frankenjura huko Ujerumani ni mfano mzuri. Ni mahali penye heshima kubwa katika mchezo huu. Ndipo Kurt Albert, mwaka 1975, alipoanza kuchora doa jekundu chini ya njia aliyofanikiwa kuipanda bila kujivuta kwenye vyuma. Naishi si mbali na huko na napapenda. Lakini nyingi ya njia zake rahisi zina boliti ya kwanza juu sana, na kuifikia ni sawa na kupanda bila kamba. Mgeni anayeanza simpeleki huko.

Kwa hiyo ukishahesabu njia, swali la pili ni hili: zilifunguliwa lini, na kwa ajili ya nani? Maeneo mapya, au yale ambayo wenyeji wameyawekea boliti upya wakijua kwamba wageni wa gredi 5 ndio wanaojaza vyumba na mikahawa yao, huwa na boliti kila mita mbili au tatu. Soma maelezo ya waliopita. Wakiandika "boliti ziko karibu", hapo ndipo pako.

Basi nitajie mahali pamoja tu.

Kalymnos, Ugiriki.

Ni kisiwa kidogo karibu na pwani ya Uturuki, kavu, cha mawe, chenye mbuzi wengi kuliko miti. Kwa vizazi vingi watu wake waliishi kwa kupiga mbizi kutafuta sifongo, na hadi leo pale bandarini Pothia utaona sifongo zimetundikwa madukani. Kazi hiyo ilipodidimia, kisiwa kilipata riziki nyingine: mwaka 1996 mpandaji Mwitaliano, Andrea Di Bari, alifika na kuona kuta za chokaa ambazo hakuna aliyekuwa amezigusa. Leo kuna maelfu ya njia, na sehemu kubwa ya uchumi wa vijiji vya Masouri na Myrties inategemea watu wenye kamba mgongoni.

Kwa nini kinamfaa anayeanza? Kwanza, njia za gredi 4 na 5 ni nyingi mno. Huwezi kuzimaliza kwa wiki moja, hata kwa wiki tatu. Pili, boliti ziko karibu. Tatu, gredi zake zina ukarimu: 5c ya Kalymnos inaweza kuwa 5b mahali pengine, na hilo linampa moyo mtu aliye likizoni. Nne, huhitaji gari. Ukilala Masouri, unatoka mlangoni, unapanda kilima cha mawe kwa dakika kumi hadi ishirini, na umefika.

Siku ya kwanza nenda Kasteli. Ni rasi ndogo iliyochomoza baharini, pana magofu ya ngome ya kale, na njia zake ni fupi na za upole. Siku nyingine nenda bonde la Arginonta, kaskazini kidogo, penye sekta, yaani vipande vya mwamba vyenye jina lake kila kimoja, za gredi 5 zilizopangana kando ya bonde. Ukijisikia vizuri, panda hadi Poets, juu ya Masouri. Pale unapanda ukitazama kisiwa cha Telendos ng'ambo ya mlango wa bahari, na jioni jua linazama nyuma yake.

Kuta nyingi zinatazama magharibi. Maana yake asubuhi ziko kivulini na mchana jua linazikuta. Mwezi wa tano na wa tisa, watu hupanda kuanzia saa mbili asubuhi mpaka kama saa saba, kisha wanashuka kuogelea. Novemba mambo hugeuka, unalifuata jua badala ya kulikimbia.

Kufika: wengi huruka hadi kisiwa cha Kos, wanachukua teksi hadi bandari ndogo ya Mastichari, kisha boti hadi Pothia, safari isiyozidi saa moja. Kutoka Pothia hadi Masouri ni chini ya kilomita kumi. Angalia ratiba ya boti kabla ya kununua tiketi ya ndege. Ndege ikitua usiku, utalala Kos.

Na mbuzi. Wanatembea juu ya kuta kana kwamba wako sebuleni, na kwato zao zinaangusha mawe. Vaa helmeti hata unaposhika kamba, hata unapokula mkate wako chini ya mwamba. Nimeona jiwe la ukubwa wa chungwa likitua kwenye mkoba aliokuwa ameuegemea mtu dakika moja kabla.

Likizo yangu ni Desemba au Januari. Bado Kalymnos?

Hapana, wakati huo mvua ni nyingi na mikahawa mingi imefungwa. Nenda kusini mwa Hispania.

Pana sehemu mbili. Ya kwanza ni Costa Blanca, karibu na Alicante. Toix iko juu ya bahari jirani na Calpe, na upande wake wa magharibi una njia rahisi nyingi zinazopata jua. Olta, nayo jirani na Calpe, na bonde la Echo Valley, karibu na Finestrat, zina gredi 4 na 5 za kutosha. Hapa lazima ukodi gari, maana miamba imetawanyika. Malazi ya msimu wa baridi hupatikana kwa bei nafuu kwa sababu watalii wa ufukweni wameondoka.

Ya pili ni El Chorro, mkoa wa Málaga. Uzuri wake ni treni: kutoka kituo kikuu cha Málaga unapanda treni inayokushusha chini ya mwamba kabisa, ingawa ni chache kwa siku. Korongo lake linatisha kwa ukubwa, na ndimo inamopita njia ya miguu iitwayo Caminito del Rey, iliyofunguliwa upya mwaka 2015. Kwa gredi 5, tafuta sekta za Escalera Árabe na Las Encantadas. Lakini nikiwalinganisha, mgeni wa mara ya kwanza nitampeleka Costa Blanca. El Chorro inaanza kunoga ukifika 6a.

Watu husifu pia Leonidio, kusini mwa Ugiriki, kwa majira ya baridi. Kuta zake nyekundu zinapendeza sana. Subiri uive kidogo.

Tuna watoto wa miaka saba na kumi. Mnatushauri wapi?

Rovinj, Kroatia, au Orpierre, Ufaransa.

Rovinj ni mji mkongwe wa pwani ya Istria. Kwa kutembea tu kutoka mjini, ndani ya msitu wa misonobari wa Zlatni Rt, kuna machimbo ya mawe ya enzi za Wavenisi yaliyogeuzwa kuwa mahali pa kupandia. Njia ni fupi, nyingi ni rahisi, chini ni tambarare, na bahari iko hatua chache mbele. Mtoto akichoka kupanda anaingia majini, na mzazi hatembei mlimani na mtoto begani. Mwamba wa machimbo una tabia yake, umekatwa wima na vishikio ni vikali, lakini watoto hulijua jambo hilo mapema kuliko sisi.

Orpierre ni kijiji kidogo cha milimani ambacho zamani sana kiliamua kuwa cha wapandaji. Kutoka uwanja wa kijiji unatembea dakika kumi au kumi na tano unakuta sekta baada ya sekta, nyingi zikiwa na gredi 4 na 5, na boliti zimekaa vizuri. Juu yake kuna jabali la Quiquillon, lenye njia ndefu za kupanda kwa vituo kadhaa, ikiwa baba na mama wanataka kupokezana asubuhi moja. Ni pa masika hadi vuli. Baridi yake ya Januari si ya watoto.

Sheria yangu kwa wenye watoto: angalia chini ya mwamba kabla ya kuangalia mwamba. Kama chini ni genge au mteremko wa mawe yanayoviringika, hapafai hata kama njia ni za gredi 3.

Kila mtu anaitaja Arco, na Paklenica. Mbona wewe huzitaji?

Nazipenda zote mbili, ila kuna neno. Arco, kaskazini mwa Ziwa Garda nchini Italia, ni kama mji mkuu wa mchezo huu. Mashindano ya Rock Master yamekuwa yakifanyika pale tangu mwaka 1987. Paklenica ni hifadhi ya taifa ya Kroatia tangu 1949, na kwenye mdomo wa korongo lake, mahali paitwapo Klanci, njia zinaanzia kando ya njia ya miguu.

Tatizo ni mikono na viatu vya miaka arobaini. Njia rahisi zilizo karibu na maegesho zimepandwa na maelfu ya watu mpaka mwamba umeng'aa. Ukiweka mguu ni kama kusimama kwenye sakafu ya vigae iliyomwagiwa maji. Gredi kwenye kitabu ni ileile 5a ya mwaka 1985, lakini mwamba si ule tena. Mtu mzoefu anajua kuweka uzito polepole. Anayeanza anateleza, anaogopa, na anadhani kosa ni lake.

Ukienda Arco, pale Placche di Baone pana mwamba uliolala wa kujifunzia miguu, na ukiwahi asubuhi na mapema utaupata mtupu. Jioni zake, na aiskrimu baada ya kupanda, hazina mfano. Paklenica ulizia upepo wa bura, ukivuma, usipande.

Sisili je?

San Vito Lo Capo, Oktoba hadi Mei. Mwamba wa Salinella uko kando ya bahari na unaweza kulala kambini karibu nao. Chakula cha mji ni kuskusi ya samaki, urithi wa majirani wa Afrika Kaskazini, na kwangu hiyo peke yake inatosha kunipeleka.

Jambo la kuangalia kwenye mwamba wowote wa baharini ni chumvi. Watu wa pwani mnajua inavyokula mabati na baiskeli. Boliti za chuma cha pua nazo huliwa, na wakati mwingine zinapasuka ndani kwa ndani bila kuonyesha kutu kubwa, ndiyo maana siku hizi sehemu kama hizo zinawekwa boliti za titani. Uliza dukani ni sekta zipi zimewekewa vyuma vipya, na uanzie huko.

Nibebe kamba ya urefu gani?

Mita 70, na ufunge fundo kwenye ncha ya chini. Kila mara, hata kama njia ni ya mita kumi na mbili.

Nieleze kwa nini. Oktoba mmoja huko Kalymnos nilikuwa nimemshikia kamba rafiki yangu, naye kamaliza njia nzuri ya 5c na anashuka. Kamba yetu ilikuwa ya mita 60. Njia ilikuwa na mita thelathini na ushee, na sisi hatukusoma mstari huo kitabuni. Nilikuwa namtazama yeye juu, nikizungumza, kamba ikipita mkononi. Ghafla kitu kikagonga kifaa cha kushikia kamba na mkono ukasimama. Nikatazama chini. Lile lilikuwa fundo, na nyuma ya fundo hapakuwa na kitu. Rafiki yangu alikuwa ananing'inia juu ya mawe, kimo cha mlango kutoka chini. Nikasogea hadi mguuni mwa ukuta, nikapanda jiwe moja, ndipo akagusa ardhi kwa ncha ya kiatu. Tulikaa kimya, tukanywa maji.

Lile fundo tulilifunga asubuhi kwa mazoea tu. Bila hilo, ncha ya kamba ingepita kwenye kifaa na yeye angeanguka. Ajali za aina hiyo hutokea, na mara nyingi hutokea kwenye njia rahisi, kwa watu waliotulia.

Vifaa vingine nikodi au ninunue?

Viatu, hanesi (mkanda wa kiunoni na mapajani unaofungiwa kamba) na helmeti nunua vyako, uvizoee nyumbani. Kamba na kwikidro, yaani zile karabina mbili zilizounganishwa kwa ukanda mfupi, unaweza kukodi Kalymnos au Arco. Kwikidro kumi na tano zinatosha karibu njia zote rahisi. Ongeza fimbo ya kukunjuka ya kuchomekea boliti ya kwanza ukiwa chini. Wapo wanaoiona ni ya waoga. Mimi naibeba kila siku.

Sina mwenza wa kupanda naye.

Lipia mwongozo au kozi ya siku mbili mwanzoni mwa safari. Tafuta mwenye cheti cha taifa au cha shirikisho la kimataifa la waongoza milima. Kwenye kundi hilo ndimo wengi hupata wenza wa siku zilizobaki. Usimkabidhi kamba mtu uliyekutana naye mkahawani kabla hujamwona akimshikia mwingine.

Viza inakuwaje?

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, isipokuwa ana kibali cha kuishi katika nchi ya Schengen. Mnaoishi Uingereza kwa kibali cha huko, bado mnaihitaji. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, mapema kabisa miezi sita kabla, na si chini ya siku 15. Kroatia iliingia Schengen Januari 2023, kwa hiyo viza hiyohiyo inakufikisha Rovinj.

Kwenye barua ya maombi andika wazi kwamba unakwenda kupanda miamba, na uambatishe malazi, kozi kama umelipia, na uthibitisho wa kazi. Maelezo yanayoeleweka yanasaidia. Kununua tiketi isiyorudishwa kabla ya viza ni kujitafutia presha.

Kama Schengen imegoma, itazame Geyikbayırı, karibu na Antalya nchini Uturuki. Si Ulaya hasa, lakini chokaa ni nzuri, gredi 5 zipo, msimu ni wa baridi, na masharti yake ya viza ni mengine.

Bima ya viza inatosha?

Bima ya Schengen lazima ifikie yuro 30,000 za matibabu, lakini nyingi zina mstari mdogo unaotoa nje "michezo ya hatari". Piga simu uulize kwa jina: kupanda mwamba kwa kamba, kwa boliti, na uokoaji mlimani. Taka jibu kwa maandishi. Namba ya dharura kote Umoja wa Ulaya ni 112.

Nimesuka rasta ndefu. Kuna shida?

Za kuziangalia, ndiyo. Nywele ndefu zikiingia kwenye kifaa cha kushikia kamba wakati unashuka, unakwama hewani na maumivu hayasemeki. Funga zote nyuma, ziingize ndani ya fulana. Fundo kubwa kisogoni huinua helmeti, kwa hiyo suka au funga chini, usawa wa shingo, na uijaribu helmeti ukiwa umeshasuka. Wanaovaa hijabu, ile ya kubana ya michezo inakaa vizuri chini ya helmeti. Pini ziache nyumbani.

Pale mwambani watu wanapiga kelele kwa lugha kumi. Tutaelewanaje?

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko mnavyodhani. Oktoba huko Masouri utasikia watu sita kwa pamoja wakiamrisha kamba kwa Kiingereza, na mshika kamba asijue ni nani wake. Sisi tunatumia maneno manne tu: "Kaza", "Legeza", "Nimefika", "Nishushe". Hakuna jirani anayeweza kuyachanganya. Mkubaliane mkiwa chini, na kila amri itanguliwe na jina la mtu.

Jiwe likianguka, sahau Kiswahili na upige kelele kwa lugha ya pale: "sasso" kwa Kiitaliano, "piedra" kwa Kihispania, "caillou" kwa Kifaransa. Kisha jikunyate karibu na ukuta; usitazame juu.

Mume wangu hapandi. Atakaa tu?

Rovinj ana mji mzima wa kutembea. Arco ana baiskeli na ziwa. Kalymnos, siku ya mapumziko, nendeni wote Myrties mchukue kimashua hadi Telendos. Ni kama dakika kumi. Hakuna magari kule. Kuna ufukwe, kuna mikahawa iliyojipanga kando ya maji, na ukikaa upande unaotazama Kalymnos unaona kuta zote ulizozipanda kwa mbali. Mume wangu hapandi pia. Hukaa pale na darubini yake, na jioni ananisimulia nilivyochelewa kwenye boliti ya tatu.